Nani Amechinja?

Jumamosi hiyo Hashim alikuja kunichukua mapema kuliko siku zote, na alikuwa amevaa kofia mpya.

Nilimwona kupitia dirisha la jikoni kwa binti yangu Joy. Alikuwa amesimama nje ya geti la ploti, ameinama, anapangusa vumbi kwenye viatu kwa kitambaa kama kijana anayeenda kuomba mchumba. Mwanamume wa miaka sitini na saba. Fundi wa cherehani ambaye mtaa mzima wa Matisi unamjua, kwa sababu nusu ya sare za shule za hapa zimepita chini ya sindano yake. Moyo wangu uliruka, halafu ukashuka polepole mpaka chini, kwa maana nilikumbuka kile nilichokuwa nimebeba tangu Bungoma.

"Mama, mtu wako amefika," Joy alisema, akisugua sufuria. "Leo amejipiga pasi mpaka masikio."

"Mwambie nakuja."

"Na mbona uso uko hivyo? Si mambo yalikwisha Bungoma? Kaka Wakhungu alinipigia simu jana. Ati ameshaulizia mpaka hema la harusi."

"Yalikwisha," nikasema.

Nilifunga mlango wa chumba changu, nikakaa kitandani na kitambaa cha kichwa mkononi. Nikajiambia, Phelista, leo utamwambia. Usipomwambia leo, utaolewa na mtu ambaye umemwekea kitu tumboni bila ruhusa yake.

Wacha niseme tulivyoanza, ndio ijulikane ni nini kilikuwa kinavunjika.

Mume wangu Makokha alipokufa nilikonda mpaka nguo zikawa zinaning'inia tu. Joy akanitoa Bungoma, akanileta hapa Kitale nikae naye. Siku moja nikapeleka rinda langu kwa fundi wa karibu nipunguziwe. Fundi hakuchukua hata futi. Alinitazama mara moja, akatazama rinda, akasema, "Mama, hii sipunguzi. Utanenepa tena halafu unilaumu."

Nikamwuliza nitanenepa na nini.

Akafunika mashine na kitambaa, akanipeleka kibanda cha ng'ambo ya barabara, tukala chapati na maharagwe. Sikuwa nimemaliza chakula tangu mazishi. Siku hiyo nilimaliza. Ilikuwa Jumamosi.

Tangu hapo kila Jumamosi tulikuwa na mlango mpya. Mtu akitaka kuijua Kenya na hataki kupanda gari, azunguke Matisi akiwa na njaa. Kuna Wakonyo na mukimo wake wa viazi vya kupondwa na mboga. Kuna Kipngetich, ambaye maziwa yake ya kibuyu yana majivu ya mti na yanalaza mtu mchana. Karibu na mashine ya kusaga unga kuna Mturkana anauza nyama iliyokaushwa mpaka inagonga sahani kama kokoto. Nyuma ya kanisa kuna mama Mteso anayemwagia mboga karanga za kusaga. Sahani moja, vijiko viwili. Tulikuwa tunapita vichochoro kama watalii, wazee wawili, yeye ameshika mwavuli, mimi nimeshika mkono wake pale njia inapoteleza, na siku zingine hata pale isipoteleza.

Lakini katika kila mlango, kabla ya kijiko, Hashim alikuwa na swali moja. "Nani amechinja?" Aliuliza kwa adabu, bila kukunja uso. Akiambiwa aliyechinja si Mwislamu, aliagiza maharagwe, na hakuna aliyekasirika. Watu walimzoea.

Mimi peke yangu hakuwahi kuniuliza. Nikimpelekea bakuli pale kwa cherehani yake, alifungua akala. Siku moja nikamwambia, mbona mimi huniulizi?

"Wewe?" akasema, mdomo umejaa. "Siku nitakayokuuliza wewe, heri nilale njaa."

Na kweli kila kuku niliyempikia, nilikuwa nimempeleka mwenyewe kwa Waislamu wa sokoni wakanichinjia.

Sasa Bungoma.

Mwaka mzima Wakhungu, kifungua mimba wangu, alikuwa amekataa hata kusikia jina la Hashim. "Mama, ukiolewa huko tutakuzika wapi?" alikuwa ananiuliza. "Baba amelala pale peke yake. Nafasi yako iko kando yake. Tupande nini hapo, viazi?" Nilimvumilia. Mimi ni mtu wa kuvumilia, na huenda kosa lilianzia hapo. Mwishowe akalegea. Akasema mlete basi, tumwone, tumchinjie jogoo.

Kwetu jogoo wa namna hiyo si mboga. Mgeni anayetaka kuingia kwa boma anachinjiwa, na firigisi, ile tunaita imondo, inawekwa kwa sahani yake mbele ya watu. Akiila, ameingia. Akiiacha, ameondoka, hata kama bado amekaa kwa kiti.

Nilimwomba Wakhungu amwite Shafi, yule Mwislamu anayechinja kuku sokoni, na Hashim nikamwambia hivyo. Akasema amesikia. Saa tano nikaenda nyuma ya jiko, nikamkuta ameshika kisu, jogoo ameshakufa, damu imeingia kwa majani.

"Wakhungu. Shafi yuko wapi?"

"Mama, jogoo wa boma ya baba anachinjwa na mtoto wa baba. Si mtu wa kuitwa. Kama hawezi kula mkono wangu, atakaa na mama yangu namna gani?"

"Nilikuambia hatakula."

"Basi asile. Tutajua."

Hakusema kwa ubaya. Huko kwetu ni hivyo. Nilipaswa kwenda barabarani nimngoje Hashim, nimwambie, aingie akiwa na neno lake tayari. Sikwenda. Nilienda kumenya vitunguu.

Wakati wa kula ulipofika nilibeba beseni na birika nikamnawisha mgeni wangu. Ndugu wote wamekaa, wajomba wamekaa, macho yote hapo. Hashim aliinamisha kichwa karibu na mkono wangu, akauliza kwa sauti ya chini, mara ya kwanza tangu tujuane, "Shafi ndiye amechinja?"

Maji yalikuwa yanashuka kwa vidole vyake. Vidole vya fundi, vimejaa alama za sindano. Niliangalia vile vidole, sikuangalia uso.

"Ndiye," nikasema.

Akala. Alikula imondo yote, akalamba na kidole. Wakhungu akasimama, akampa mkono, akamwita baba. Mimi nilirudi jikoni nikalia, na wanawake wakadhani ni furaha.

"Leo hakuna mlango mpya," Hashim aliniambia Jumamosi ile ya kofia mpya, tulipotoka getini kwa Joy. Alikuwa amebeba mwavuli, ingawa mvua ilikuwa bado iko juu ya Mlima Elgon. "Leo tunarudia ya zamani. Nataka niwaage watu kama kapera."

"Kapera wa miaka sitini."

"Sitini na saba. Usinipunguze. Mimi na wewe hatupunguzi."

Nilicheka, na kicheko kikaniuma.

"Hashim, nina neno."

"Na mimi nina neno. Langu ni refu na lina njaa. Tule kwanza."

Wakonyo alikuwa anaponda viazi kwa mwiko mkubwa kama mtu anayeua nyoka. Hakuinua kichwa. "Fundi, leo umekuja na bibi ama na mteja?"

"Mteja aliyenisumbua sana. Nimeonelea nimwoe ndio anyamaze."

Wakonyo akauacha mwiko ndani ya sufuria. "Wee. Mama Wakhungu, anasema kweli?"

Niliitikia kwa kichwa, nikakaa kwa benchi. Sahani ikaja, kijani kibichi, imetoboka katikati na mchuzi umejaa shimo. Hashim alinisukumia kijiko changu, lakini yeye hakula. Alikuwa na hadithi.

"Nimepewa jogoo Bungoma, Wakonyo. Mzima. Na firigisi yake."

"Na nani alichinja? Wewe si umekataa kuku wangu mwaka mzima, nani amechinja, nani amechinja, mpaka nikaacha kupika kuku Jumamosi."

"Hapo ndipo nataka ufike." Hashim aliweka mkono kifuani. "Walimwita mtu wetu kutoka sokoni. Hebu fikiria. Watu wasionijua. Mwaka mzima wananikataa. Lakini siku ya kunialika wakakaa chini, wakasema, huyu mzee anakulaje, wakaenda kumtafutia Mwislamu. Mimi kwa firigisi sijali. Ni kule kutafutiwa mtu." Akajifanya anakohoa. "Hakuna aliyenifanyia hivyo, hata ndugu zangu."

"Hao ni watu," Wakonyo akasema. Aliniangalia kwa heshima ambayo sikuwa nayo. "Umelea vizuri, mama."

Mukimo ulisimama kooni. Nikanywa maji, nikanywa tena. Hashim akanipiga mgongo polepole. "Taratibu," akasema. "Chakula hakikimbii."

Kwa Kipngetich tulikaa kidogo tu. Alitutilia maziwa ya kibuyu, kikombe kimoja kama kawaida, akasikiliza hadithi ya jogoo kuanzia mwanzo. Hashim aliihadithia vizuri kuliko mara ya kwanza. Safari hii Shafi alikuwa amevaa kanzu.

"Kipngetich, nataka uwe msemaji wangu siku ya kupeleka mahari."

"Mimi? Mkalenjin aongee kwa niaba ya Mwislamu kwa boma ya Wabukusu?"

"Ndio maana. Hakuna atakayeelewa, watakubali haraka twende tukale."

Kipngetich alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilitazama kikombe. Kulikuwa na alama ya mdomo wake upande mmoja na yangu upande wa pili, na nikawaza kwamba hata hiki kikombe kinajua kuwa kati yetu kuna kitu.

Tukiwa njiani nilimshika mkono. Njia ilikuwa kavu.

"Hashim, simama kidogo. Hilo neno langu."

"Subiri. Kuna mtu anakungoja." Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. "Nimemwambia Hasina kila kitu."

Nikauachia mkono wake. Hasina ni dada yake mkubwa, anauza pilau na chai kwa veranda yake karibu na msikiti. Mwaka mzima alikuwa ananiwekea kikombe mezani bila kuniangalia. Siku moja nilimsikia akimwambia ndugu yake, bila kushusha sauti, kwamba mjane wa Kikristo atamlisha chochote ilimradi ameshiba. Nilikunywa chai yangu nikaondoka.

Leo Hasina alisimama kutoka kwa kiti. Ana miguu mibaya, hasimami kwa mtu yeyote.

"Karibu, wifi," akasema.

Neno hilo nililingojea mwaka mzima. Lilipofika, halikuwa langu.

Alitukalisha ndani, si veranda. Alitupakulia pilau mwenyewe, na kachumbari, na mguu mzima wa kuku akauweka upande wangu. Hashim hakuuliza aliyechinja, maana hapo hakuna haja. Alikaa akitutazama, mara dada yake, mara mimi, kama mtu anayeota moto.

"Nilikuwa nimekuwekea roho mbaya," Hasina akaniambia. "Sifichi. Nilikuwa namwambia huyu, utalishwa haramu na utaitikia asante. Kumbe nilikuwa namsingizia mtu. Umesimama kati ya watu wako, ukahakikisha ndugu yangu hali kisichomfaa. Mtu kama huyo nitamwacha aende wapi?"

"Dada Hasina," nikasema, "mimi sistahili."

"Anayestahili hasemi anastahili. Kula."

Kisha akaenda chumbani, akarudi na leso mpya, bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani, nyekundu na nyeupe. Alinifunika mabegani kwa mikono yake miwili, akanibana kidogo. Ilinuka udi. Leso haina uzito, lakini mabega yangu yaliinama.

Nilikula mguu ule wote. Sijui ulikuwa na ladha gani.

Mlango wetu wa mwisho siku zote ni Gladwell, anayechoma mahindi pale njia ya Saboti inapotokea. Ana benchi moja ya mbao, imelegea upande mmoja, na sisi tulijua kukaa bila kuanguka, yeye upande mzito, mimi upande mwepesi. Moshi ulikuwa unapanda. Wingu la mlimani lilikuwa limeanza kutembea kuja upande wetu.

Nilivua leso. Nikaikunja mara nne, nikaiweka kwenye benchi kati yetu, kwa sababu nisingeweza kusema nikiwa nimeivaa.

"Hashim. Shafi hakuja."

Hakuelewa. "Shafi gani?"

"Wa Bungoma. Jogoo alichinjwa na Wakhungu. Uliniuliza nikakuambia ndiye, na nilikuwa najua kwamba siye."

Aliendelea kunitazama kwa tabasamu, kama tabasamu limesahauliwa usoni. Halafu likaondoka. Alivua kofia yake mpya, akaiweka kwa goti, akaanza kuizungusha, polepole, akifuata mshono kwa kidole gumba.

"Ulijua kabla ya maji, ama baada?"

"Kabla. Tangu saa tano."

"Saa tano." Akafikiri. "Saa tano mimi nilikuwa Webuye. Nilikupigia simu nikiwa Webuye."

"Ndiyo."

"Ukaniambia nije polepole, barabara ina matope."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo simu ilikuwa mkononi mwako."

"Ilikuwa mkononi."

Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia kipimo na kukiweka akilini. Nilitamani agombe. Makokha alikuwa mtu wa kugomba, angepiga kelele mpaka kuku wakimbie, na jioni mambo yangekuwa yamekwisha. Hashim hakugomba.

"Jogoo si kitu, Phelista," akasema. "Aliyekula bila kujua hana dhambi. Hiyo naijua hata bila kuuliza sheikh. Lakini ungeniambia, ningesimama mbele ya Wakhungu nimwambie, mwanangu, mkono wako nauheshimu, lakini mimi nipe ugali na mboga. Angenifukuza?"

"Angekufukuza."

"Basi angenifukuza mimi. Sasa aliyekaribishwa ni nani? Yule waliyempa mkono wakamwita baba, ni nani? Mimi simjui. Ni mtu uliyempika jikoni."

"Niliogopa kukupoteza."

"Najua."

"Nimezika mmoja. Sikuwa na nguvu za kumwona mwingine akitoka getini."

"Najua, Phelista. Yote hayo nayajua." Aliniangalia, na katika macho yake nikaona kwamba bado ananipenda, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Jumamosi yote nimezunguka nikiwaambia watu. Kwa nini hukuninyamazisha kwa Wakonyo?"

"Nilijaribu."

"Hukujaribu sana."

"Sikujaribu sana," nikakubali.

Gladwell alipepea jiko lake. Cheche ziliruka, zikafa. Nikamwambia kesho nitaenda Bungoma, nitawaita wanangu wote, nitawaambia ukweli mbele ya wajomba.

"Uwaambie nini? Kwamba mgeni wao alikula kwa kudanganywa? Wakhungu ataona mama yake amemfanya mjinga mbele ya ukoo, na mimi nitaonekana nimetapika chakula chake. Hatanikubali tena, hata na mboga. Na nikinyamaza," akasimamisha kofia, "kila nikiingia kwa ile boma, kijana ataniita baba kwa sababu ya kitu ambacho singekifanya. Nitaitika vipi?"

"Na Hasina?"

Akaiangalia leso. "Hasina nitamwambia mimi. Wewe usiende. Atakuumiza."

Hata hapo alikuwa ananikinga. Machozi yakatoka, sikuyafuta. Nikamwuliza lile ambalo mwanamke mzima hapaswi kuuliza barabarani.

"Umenisamehe?"

"Nimeshakusamehe. Nilikusamehe hujamaliza hata kusema." Alinyoosha mkono akagusa kiganja changu, akakishika kidogo, kama alivyokishika siku ya kwanza tulipovuka barabara kwenda kula maharagwe. "Wewe hujui ulivyonikuta. Mke wangu alipokufa nilikuwa nakula nimesimama, kwa sufuria. Wewe ndiye uliyenikalisha."

"Basi tukae," nikasema. "Tukae tu hivi. Bila harusi. Jumamosi kwa Jumamosi."

Nilimwona anataka kukubali.

Gladwell alituletea mahindi bila kuagizwa, kwa maana anajua desturi yetu. Hindi moja, limepakwa ndimu na pilipili, limefungwa kwa majani yake. "Hii nimewachagulia," akasema. "Ile laini. Meno yenu nayajua." Akarudi kwa jiko lake, hatua mbili kutoka tulipokaa, akageuza mengine. Moshi wake ulikuwa unatuingia machoni.

Nililivunja katikati. Nusu kubwa nikampa Hashim, kama siku zote.

Aliipokea. Aliigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Midomo yake ikafunguka.

"Nani amechoma?"

Aliuliza kwa adabu, bila kukunja uso.

"Gladwell," nikamjibu.

"Asante."

Ndipo akasikia alichouliza. Akainua macho akanitazama, akatazama lile jiko pale pale mbele yetu, na uso wake wote ukavunjika. Mahindi hayachinjwi. Na mchomaji alikuwa bado anatuonyesha mgongo.

"Nisamehe," akasema. "Imetoka yenyewe. Wallahi imetoka yenyewe, Phelista."

"Najua," nikasema. "Si makosa yako."

"Sikutaka kuuliza."

"Najua. Ndio maana."

Tulikaa hivyo, kila mtu na nusu yake, mpaka mahindi yakapoa. Hakuna aliyetia jino. Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye leso, likaacha alama. Nikaichukua, nikaiweka ndani ya mikono yake, chini ya kofia, isilowe.

"Mrudishie," nikasema. "Mwambie nimeshukuru lile neno. Mwambie nililisikia."

Alisimama. Benchi ikainama upande wangu, nikashika ukingo. Alifungua mwavuli, akaunyoosha juu ya kichwa changu, akanishikisha mpini, akakunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja kama anayefunga vifungo vya mtoto. Kisha akaingiza leso na kofia ndani ya koti, akaondoka kichwa wazi, akipita kwa Kipngetich, akipita kwa Wakonyo. Nilimsikia Wakonyo akimwita, "Fundi, mbona unalowa na mko na mwavuli?" Sikusikia jibu.

Nilingoja mpaka kona ikammeza. Nikamuaga Gladwell. Nikarudi kwa Joy polepole, nikishika kuta za watu, maana njia ilikuwa inateleza.